Birika la Bursa na kiwanja cha babu

Asalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, ndugu zangu.

Wiki hii usingizi umenipaa. Simu za Tanga hazikatiki. Babu yetu alipofariki aliacha kiwanja chenye minazi, kimepakana na msikiti wa mtaa, na mirathi yake mpaka leo haijagawanywa. Sasa ami zangu wamekata shauri kiwanja chote kiwekwe wakfu, msikiti upanuliwe, thawabu zimfikie marehemu kaburini. Maneno matamu. Kwenye kundi la familia kila mtu anaitikia amin, Allah atakabali. Aliye kimya ni shangazi. Shangazi ni mjane, anaishi chumba cha kupanga, na fungu lake limo humo humo kwenye kiwanja. Nilipouliza yeye amesema nini, nikajibiwa, "Shangazi yako hana neno. Na nani atamkatalia Mwenyezi Mungu?"

Jibu hilo nilikwenda nalo Bursa.

Wengi mnajua kuwa nimeolewa Uturuki. Jumamosi wakwe zangu walitutoa, mimi na mume wangu, tukauone mji wa kale ambao wao wameuzoea na mimi nilikuwa nausikia tu. Tulianzia juu, Tophane, walikozikwa Osman na mwanawe Orhan, yule aliyeuteka mji mwaka 1326 ukawa makao ya dola yao changa, dola ya Waosmani (Ottoman). Majengo ya makaburi yanayoonekana leo ni ya mwaka 1863, kwa sababu yale ya awali yaliharibiwa na tetemeko la 1855. Mavyaa alisoma Fatiha, akajipangusa uso, akanishika mkono tukaanza kuteremka. Hana muda na wafalme yule mama. Alikuwa akiwahi adhuhuri.

Adhuhuri tuliiswali Ulu Cami, msikiti mkuu. Aliujenga Sultan Bayezid wa kwanza, ukakamilika karibu na mwaka 1400. Wenyeji husimulia kwamba kabla ya vita vya Nikopolis, mwaka 1396, aliweka nadhiri: akishinda atajenga misikiti ishirini. Aliposhinda akashauriwa ajenge mmoja wenye kuba ishirini. (Mume wangu anasema hapo ndipo Waturuki walipojifunza kupatana bei.) Kuba ni ishirini kweli, safu nne za kuba tano tano, na kuta nyeupe zimejaa maandishi meusi makubwa, herufi waw moja peke yake inamzidi mtu mzima kimo. Mimbari yake ni ya mbao, vipande vidogo vidogo vya pembe nyingi vimechomekwa vikashikana bila msumari.

Lakini kilichonisimamisha ni maji. Ukiingia unayasikia kabla hujayaona. Katikati ya msikiti, ndani kabisa, si uani, pana birika la marumaru lenye bomba pande zote, na juu yake kuba ambalo zamani lilikuwa wazi kwa mvua na nyota, siku hizi limefunikwa kwa kioo. Wanaume wamekunja suruali wanaosha miguu, na hatua chache tu kutoka hapo watu wako kwenye sijda. Kwetu pwani birika la kutawadhia liko mlangoni au nje. Nikamuuliza bavyaa, kwa ulimi wa mume wangu, kwa nini hili limewekwa ndani.

Akanisimulia. Wakati wa kujenga, anasema, palikuwa na mama mmoja, wengine husema Myahudi, wengine Mkristo, mwenye kijumba mahali hapo. Akatakiwa auze, akakataa. Akaongezwa bei, akakataa. Mwishowe eneo likaingia msikitini, lakini wanazuoni wakasema mwenyewe hakuridhia, basi mtu asiweke paji la uso hapo. Pasiposujudiwa, pakawekwa maji.

Wajuzi wa majengo watakwambia misikiti mikubwa ya Anatolia, tangu enzi za Waseljuki, watawala wa Kituruki waliowatangulia akina Osman, ilikuwa na kawaida ya kuba wazi na birika chini yake, na huenda sababu ni hiyo tu. Mimi simbishii mtu. Ninachojua ni kwamba watu wa Bursa, katika kila wanachoweza kujivunia kwenye msikiti wao, wamechagua kuwarithisha watoto wao kisa cha mama asiye Muislamu aliyesema hapana.

Hata hivyo kisa hakikunikaa sawa, nikasema. Kama hakuridhia, hilo birika nalo limefikaje pale? Mume wangu alisita kutafsiri, maana huwezi kumbana baba yako msikitini. Nikamkazia macho, akatafsiri. Bavyaa akacheka, akasema, "Binti, hilo ni swali la kadhi." Ndipo akaniletea habari za kadhi wa Bursa wa zama hizo, Molla Fenari, ambaye inasimuliwa alimkatalia Sultan Bayezid ushahidi wake mahakamani kwa kuwa alikuwa haonekani kwenye swala ya jamaa. Sultan! Akakataliwa, na akanyamaza.

Nikamkumbuka shangazi pale pale, na aibu ikanishika kwa niaba yetu sote.

Ndugu zangu, tumesoma sote jinsi Mtume wetu, swalla Allahu alayhi wasallam, alivyoingia Madina. Ngamia akapiga magoti kwenye uwanja wa kuanikia tende, mali ya mayatima wawili, Sahl na Suhayl. Wakaitwa, akawataka bei. Wakasema tunakupa bure, ewe Mtume wa Allah. Akakataa kupokea bure mpaka akaununua. Nani kati yetu angeona ubaya wa kupokea? Wenyewe wametamka kwa vinywa vyao, na msikiti ni wa Mtume! Naye bado akalipa. Sasa sisi wa Tanga tumepata wapi msikiti mtukufu kuliko ule, hata wa kwetu uweze kusimama juu ya fungu la mjane ambaye hata hakuulizwa?

Na msiniambie hana neno. Wanazuoni wamekwisha sema, kinachochukuliwa kwa upanga wa haya ni haramu. Mnaujua upanga huo. Ni kikao cha wanaume kumi na mzee mmoja mwenye kanzu, na mwanamke mmoja kwenye mkeka pembeni, anaulizwa mbele ya watu, "Au wewe una kipingamizi na nyumba ya Mungu?" Atasema nini? Atainamisha kichwa, ataletewa wino wa kidole gumba, na mtu atatoka hapo akitangaza kwamba dada yetu ameridhia. Mtume wetu amesema mali ya Muislamu si halali ila kwa ridhaa ya nafsi yake. Ya nafsi yake! Hakusema kwa kimya chake, wala kwa kumuonea haya kaka yake.

Mwenyezi Mungu mwenyewe ndiye aliyelikata fungu la shangazi, katika Suratun Nisaa, wanaume wana sehemu na wanawake wana sehemu, kiwe kidogo au kingi. Halikukatwa na ami wala na imamu. Hata babu, angekuwa hai na kuusia, asingeweza kupita thuluthi. Sahaba Saad bin Abi Waqqas alitaka kutoa zaidi akaambiwa na Mtume thuluthi, na thuluthi ni nyingi. Ikiwa mwenye mali mwenyewe amewekewa mpaka kwa ajili ya warithi wake, vipi warithi wawili watatu wamalize fungu la mwenzao kwa jina la sadaka? Mwenye kutaka kumpa babu thawabu atoe chake. Hapo hakuna wa kumzuia, na mimi wa kwanza nitasema amin.

Kamati za misikiti nazo zisikilize. Mnapoletewa hati, ulizeni warithi ni wangapi na wako wapi. Mnajua kuuliza kuhusu saruji, mnajua kuuliza kuhusu fundi, lakini mkiambiwa "kiwanja kimetolewa" mnafungua takbira. Hadithi ya anayechukua shubiri ya ardhi kwa dhuluma, kwamba atavishwa shingoni ardhi saba, haikuwatoa wajenzi wa misikiti.

Na sisi wanawake. Sisi ndio wa kwanza kumwambia mwenzetu mwachie Mungu, usivunje udugu, ardhi ya nini kwako na umri huo. Kwa nini mwenye kudai haki yake ndiye anayevunja udugu, na aliyeizuia ameuunganisha? Siku ya Kiyama aliyefilisika ni yule anayekuja na swala na funga na zaka, kisha anakuja aliyeliwa mali yake na aliyepigwa na aliyetukanwa, wanagawiwa mema yake mpaka yanakwisha. Swala zetu nzuri, ndugu zangu, za kwenye msikiti mpya mpana, akagawiwe shangazi? Basi tumpe kiwanja chake leo, ni rahisi zaidi.

Baada ya swala tulikwenda Koza Han, soko la hariri la mwaka 1491, tukanywa chai kwenye vigilasi chini ya miti, mavyaa akaninunulia kitambaa ambacho sikukiomba. Bei alipatana yeye. Alipokwisha kulipa alimuuliza muuzaji jambo moja kwa Kituruki, yule akaweka mkono kifuani akajibu kwa tabasamu. Nikauliza amesema nini. Mume wangu akaniambia ni desturi tu ya wazee, amemuuliza, "Umeniridhia?"

Kikao cha familia ni Jumapili baada ya laasiri. Nimemwandikia ami mkubwa, kwa adabu zote za mtoto kwa baba yake, kwamba kabla ya kikao shangazi aendewe kwake, na mwanamke, faragha, aelezwe fungu lake ni kiasi gani na linaweza kuuzwa kwa shilingi ngapi, kisha apewe siku za kufikiri. Akitoa baada ya hapo, ni sadaka yake na jina lake liandikwe. Asipotoa, uwekwe mpaka, msikiti uishie hapo ulipo. Ami bado hajajibu. Niombeeni, na wenye mirathi zilizolala majumbani kwenu msingoje simu kama zangu.

Wabillahi tawfiq.