Siku niliyompeleka Mama kwa maji moto ya Olkaria

Mama yangu ana miaka 67 na hajawahi kuingia kwa maji yanayopita magoti. Mtoni kwao walikuwa wanachota na kurudi nyumbani, bahari ameiona mara moja tu tulipoenda mazishi Mombasa na siku hiyo alisimama mbali na viatu mkononi akiangalia mawimbi kama mtu anayeangalia ng'ombe wa wenyewe. Sasa mimi tangu mwaka jana nimekuwa nikimwambia, Mama twende Olkaria kule Naivasha, kuna spa, bwawa la kuogelea la maji moto yanayotoka chini ya ardhi, utayapenda, na jibu lake ni lile lile, "hayo ni mambo yenu ya kupiga picha, mimi niache na beseni yangu." Beseni yake naijua. Kila jioni anachemsha maji, anatia chumvi, anakaa kwa kigoda anaweka miguu ndani mpaka maji yapoe. Ameuza mboga sokoni miaka mingi akiwa amesimama, na magoti yake ndiyo yanalipa.

Ni hiyo beseni ndiyo ilinishindia kesi. Nikamwambia Mama, hebu fikiria beseni kubwa kama uwanja wa shule, na maji yake hayapoi. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza, "Na nani anayachemsha?" Hapo nikajua tumeenda.

Kabla ya yote lakini niliuliza kliniki, kwa sababu Mama ana presha, na maji moto na presha si vitu vya kuchezea. Tukaambiwa aingie kwa muda mfupi mfupi, atoke apumzike, anywe maji ya kutosha, na asikae mahali penye moto zaidi. Kama una mzazi mwenye presha au shida ya moyo, au wewe mwenyewe una mimba, tafadhali uliza kwanza. Usiende tu kwa sababu umeona picha.

Tulitoka asubuhi na mapema na kupita Naivasha mjini, tukashika Moi South Lake Road, kulia ziwa linaonekana kidogo kidogo katikati ya miti, kushoto maua maua maua, zile nyumba za plastiki haziishi. Hiyo spa iko ndani ya mbuga ya Hell's Gate kwa hivyo unalipa mara mbili, ya mbuga na ya spa yenyewe, watu wengi huja hawajui hilo wanaanza kupigana na hesabu hapo kwa geti. Jipange mapema. Sisi tuliingilia Elsa Gate kwa sababu nilitaka Mama aone ile njia ya katikati ya miamba, na kusema kweli hata tungeishia hapo ningeridhika. Hell's Gate ni kati ya mbuga chache sana Kenya ambazo unaruhusiwa kutembea kwa miguu na hata kuendesha baiskeli kati ya wanyama, kwa hivyo barabara ilikuwa imejaa vijana na baiskeli za kukodisha na pundamilia wamesimama hapo kando hawajali. Tukasimama Fischer's Tower, ule mwamba mmoja mrefu uliobaki peke yake, pimbi wanapanda na kushuka. Mama akawaangalia sana. Akasema wanafanana na panya walioenda shule.

Gorge, lile korongo jembamba la mbugani, hatukuingia. Magoti hayangekubali, na pia kulikuwa na wingu upande wa juu, na mimi kwa hilo sina mchezo, 2019 mafuriko ya ghafla yaliua watu 7 humo ndani, watu waliokuwa wametoka tu kufurahia siku yao kama sisi. Mvua inaweza kunyesha mbali huko juu, wewe uko chini kwenye jua, maji yakakukuta. Kama anga haieleweki achana nayo, nenda siku nyingine.

Ukiendelea mbele kuelekea Olkaria mambo yanabadilika. Kwanza unaona mvuke. Unafikiri ni moshi wa mtu anachoma makaa, kisha unaona mwingine, na mwingine, mlima mzima unapumua. Halafu yanaanza mabomba, makubwa ya kung'aa, yanafuata barabara kilomita baada ya kilomita, na kila baada ya mwendo fulani bomba linapanda juu, linakata kona, linashuka tena, kama mlango usio na ukuta. Mama akauliza kwa nini wasilinyooshe tu, si wangeokoa chuma. Nikamweleza kwamba bomba likipita mvuke linapata joto linarefuka, sasa likiwa limenyooka moja kwa moja litajipinda au lipasuke, zile kona ndizo zinaliachia nafasi ya kujinyoosha. Na pale lilipoinuliwa juu zaidi wanyama nao wanapita chini. Akatikisa kichwa akasema, "Kama magoti. Nayo yanataka mahali pa kukunja."

Halafu ile harufu ikaingia kwa gari. Wale mmefika mnaijua, harufu ya yai viza, ni gesi ya salfa inayopanda na mvuke. Mama alinigeukia mimi kwanza! Nikamwambia Mama si mimi, ni ardhi. Baada ya dakika kumi hivi pua inazoea, husikii tena.

Na maji yenyewe ni hivi, kwa sababu nilimweleza Mama na alipenda kujua kuliko hata nilivyotarajia. Hapo chini Bonde la Ufa linazidi kuachana polepole, kwa hivyo mawe moto sana yako karibu na juu kuliko sehemu nyingine. Maji ya mvua yanazama, yanapata joto, hayana pa kwenda. KenGen, kampuni ya kuzalisha stima, wanachimba visima vya karibu kilomita 2 hadi 3 kwenda chini, na kinachopanda ni mchanganyiko wa mvuke na maji yenye madini. Wanavitenganisha, mvuke unaenda kuzungusha mitambo ya stima, na yale maji mengi yanarudishwa ardhini. Sehemu ndogo ya hayo maji ndiyo yanakuja kwa spa. Yaani yale unayoogelea yalishafanya kazi kabla hujaamka. Mtambo wa kwanza hapo Olkaria uliwashwa 1981, wa megawati 15, na leo joto la ardhini linatoa karibu asilimia 40 ya stima ya nchi hii. Mama akanyamaza. Halafu, "1981 ndiyo niliolewa. Tulikuwa na koroboi." Kisha, "Kwa hivyo taa ya jikoni kwangu inatoka hapa?" Nikamwambia ndiyo Mama, kwa kiasi kikubwa inatoka hapa. Akafungua dirisha akaangalia yale mabomba upya kabisa, na harufu akaisahau.

Basi tukafika. Bwawa ni la rangi ambayo simu haiwezi kuleta vizuri, bluu ya maziwa, kama mtu amemwaga kopo la maziwa kwenye anga. Hiyo rangi ni silika, madini ambayo maji yameyeyusha kutoka kwa mawe huko chini, vipande vidogo sana vinaelea na kutawanya mwanga. Nyuma kuna mvuke wa visima unapanda, mbele vilima vya vichaka vya leleshwa, na kuna baridi ya asubuhi ya Rift Valley ile ya kukushika masikio. Maji hayaji bwawani moja kwa moja kutoka kisimani, yanapitia kwanza sehemu za kupoza, na huko usithubutu hata kuchovya kidole, fuata vibao. Hapo pa kuogelea ni moto wa kuvumilika, na si sawa kila mahali, kadiri unavyosogea karibu na yanapoingilia ndivyo unavyosikia joto zaidi.

Shida ilikuwa nguo. Mama haingii kokote na kostyumu ya kuogelea, hilo nilijua, kwa hivyo nilimtafutia zile za kitambaa cha kuogelea zenye mikono mirefu na suruali mpaka kwenye kifundo. Alivaa, akajifunga leso juu, akatoka akakaa ukingoni. Dakika tano. Kumi. Watoto wanaruka maji, vijana wanapiga picha, yeye anaangalia. Mimi niko ndani maji kifuani namwambia Mama njoo, nitakushika. Anasema, "Naona vizuri hapa." Sikumsukuma. Nilisogea tu hapo karibu na miguu yake nikakaa.

Halafu akateremsha mguu mmoja. Niliona uso wake. Mtu akizoea maumivu kila siku hajui tena kwamba uso wake umekunjwa, mpaka ukunjuke. Akateremsha wa pili. Akasema, "Kumbe." Hiyo tu. Akanishika bega kwa mikono yote miwili, kucha zake zikaingia kabisa, akashuka ngazi moja, ya pili, leso ikaelea juu ikamzunguka kama ua, na akasimama. Sakafu iko hapo, unasimama, hauzami. Maji yalimfika tumboni, halafu akainama magoti kidogo kidogo, mama yangu ambaye kanisani hapigi magoti miaka minne sasa, akainama mpaka maji yakafika mabegani, akafumba macho.

Mimi nililia kidogo, na maji moto ni mazuri kwa hilo, uso tayari umelowa.

Simwambii mtu kwamba maji yameponya magoti ya Mama. Kesho yake asubuhi alishuka ngazi akishika ukuta kama kawaida. Lakini ndani ya maji mwili unakuwa mwepesi, uzito hauko tena juu ya magoti, na joto linalegeza misuli, kwa hivyo kwa ile nusu saa alitembea. Alitembea mle ndani huku na huku, akaniacha, akaenda mpaka ng'ambo akarudi, akaongea na mama mwingine wa Kijabe hawajuani hata, wakaanza kulinganisha magoti.

Mwenye makosa siku hiyo nilikuwa mimi. Nilimtoa Mama kila baada ya dakika kumi na tano kama tulivyoambiwa, nampa maji ya kunywa, namfunika taulo, halafu mimi narudi na kukaa karibu na maji ya moto zaidi kwa muda mrefu bila kunywa chochote. Niliposimama kutoka, dunia ikazunguka, macho yakaingia giza, nikakaa chini hapo hapo kwenye saruji. Joto linafungua mishipa, presha inashuka, ukisimama ghafla damu haifiki kichwani haraka. Kijana wa hapo aliniletea maji na akaniinua miguu juu ya kiti, Mungu ambariki. Kwa hivyo na wewe kijana mwenye afya, kunywa maji, toka mara kwa mara, simama polepole.

Vitu vingine ambavyo ningependa mtu angeniambia mapema. Vua vito vyote vya fedha (silver), pete, mkufu, bangili, kwa sababu ile gesi ya salfa inafanya fedha kuwa nyeusi. Mama alisahau pete yake ndogo ya fedha, ilitoka imekuwa kama imepita kwa moto. Tulimaliza kwa kuisugua na magadi na maji moto nyumbani, ikarudi. Nywele, zipake mafuta kabla hujaingia na uzifunge, hiyo silika ikikaukia humo zinakuwa ngumu kama ufagio, na miwani iache kwa begi kwa sababu matone yakikauka kwenye kioo alama nyeupe haitoki kirahisi. Oga kwa maji safi ukitoka. Na nenda asubuhi, na siku ya katikati ya wiki ukiweza, mvuke unaonekana vizuri kukiwa na baridi na watu ni wachache, wikendi mchana hapo ni kelele tu na spika.

Tulikula chini ya kibanda, chapati na maharagwe tulizobeba kwa gari, Mama amejifunika taulo mbili, ngozi ya vidole imekunjana, anaiangalia na kucheka. Akaniuliza kama kuna siku wanafunga hivyo visima. Nikamwambia hapana, vinaendelea usiku na mchana, Krismasi, mvua, kila siku. Akatafuna pole pole. "Na usiku hakuna mtu kwa hayo maji." Nikasema hakuna. "Yako tu hapo."

Usiku wa saa tano hivi nilikuwa nishalala, simu ikalia, ni yeye. Mama hapigi simu usiku, moyo ukaruka. Akasema, hapana, niko sawa, nimewasha taa ya jikoni tu nikakumbuka kitu. Nikamuuliza kitu gani. "Hayo maji sasa hivi ni moto?" Nikamwambia ndiyo Mama, moto kabisa. Akasema sawa, lala basi, halafu kabla hajakata akaongeza kwamba ameshaongea na shangazi, naye anataka zile nguo za mikono mirefu, lakini yeye ni mnene zaidi, nitafute saizi kubwa.