Vidonge Juu ya Boriti

Nilikuwa natafuta tupa ya kunolea jembe. Ghalani, juu ya boriti, nyuma ya bomba la kupulizia dawa za shamba, mkono wangu ukagusa mfuko wa nailoni. Vidonge vya presha vya baba. Alipewa vya siku 30, na mwezi ulikuwa umekwisha. Nikahesabu: 23 vilikuwa bado vimo.

Presha yake iligunduliwa kwa bahati tu. Alikwenda zahanati na kidonda cha mguu, nesi akamfunga mkanda wa kipimo: 178 kwa 106. Akampumzisha, akarudia. Akamwita siku nyingine, hali ileile. Baba alicheka. Yeye, mwembamba kama mpini, anayeamkia shamba kila siku, apate ugonjwa wa wenye vitambi? Nami, kusema kweli, niliamini hivyohivyo. Chumvi aliyojinyunyizia kabla hata ya kuonja, na tumbaku yake ya jioni, hatukuvitia hesabuni.

Usiku nikauweka ule mfuko mbele yake.

"Nilishapona," akasema.

"Nani kakwambia umepona, baba?"

"Kichwa hakiumi."

Kwake ugonjwa ulikuwa homa: unameza dozi, jasho linakutoka, unarudi kulima. Dawa ya kumezwa ukiwa mzima hakuwahi kuiona. Kisha, kwa sauti ya chini, kama anayeungama, akaongeza: "Halafu zinanivimbisha miguu. Gambuti haziingii."

Nilikuwa nimejiandaa kumtisha kwa kiharusi na figo. Kuhusu gambuti sikuwa na la kusema.

Kulipokucha tukaenda wote. Tabibu alimbonyeza vifundo vya miguu, akasema ni kweli, aina ile ya dawa huwavimbisha baadhi ya watu, na angesema mapema angebadilishiwa. Akampa nyingine, akamwonya kuwa itamkojoza sana, aimeze asubuhi.

"Shambani choo si shida," baba akasema. Tabibu akacheka, mimi nikatazama chini. Ndipo akauliza alichokuwa akikizungukia tangu tufike: "Nimeze mpaka lini?"

"Siku zote, mzee."

Njiani hakusema neno. Tulipofika alipigilia msumari karibu na mlango, pale anapoegemeza jembe, akatundika mfuko. Nikaona nichukue nafasi hiyo kumgusia chumvi.

"Hiyo niachie," akasema, akaenda kulisha mbuzi.