Eti nibadilishe Model 10 yangu kwa kibastola cha mfukoni

Nimetoka duka la silaha hapa Texas nimefura, wakuu. Nilipeleka revolva yangu nione kama naweza kuibadilisha na ndogo, jamaa wa kaunta kaishika kidogo tu, hata silinda, lile pipa la kuwekea risasi, hajaifungua, akasema dola 225. Na ile ya kwake ndogo karibu 500, kwa hiyo niongeze tofauti. Namuuliza mbona hivyo, anaanza kuniongelesha polepole kwa sauti kubwa kana kwamba sisikii, rafiki yangu rafiki yangu nyingi, kwamba hizi za polisi wa zamani zimejaa kila mahali. Ile bei kaitoa kwenye lafudhi yangu, mtu asinibishie. Mzungu aliyekuwa mbele yangu kaleta chuma kina kutu na kapigiwa stori mpaka kacheka.

Sasa niwaambie ni kitu gani hicho. Smith & Wesson Model 10, mtutu inchi 4, risasi 6 za .38 Special. Ukoo huu ulianza 1899 ukiitwa Military & Police, hilo jina la Model 10 limekuja 1957, na zimetoka kiwandani zaidi ya milioni 6, kwa hiyo kwamba zipo nyingi simkatalii. Ila yangu ina kile kipini kidogo kinachopita kwenye fremu kuushika mtutu, kitu walichoacha kuweka 1982, na haina lile tundu la ufunguo wa kuifunga bastola ubavuni la matoleo ya miaka ya 2000 ambalo wapenzi wa revolva huku hawataki hata kuliona. Muuza silaha hayo anayajua hata ukimwamsha usiku wa manane. Kanyamaza makusudi.

Aliyeniuzia ni mzee jirani yetu, polisi mstaafu. Sisi tunakaa nje ya mji kidogo upande wa Fort Worth, nyumba ziko mbalimbali, ukipiga 911 gari la sherifu linatoka mbali na hakuna cha sungusungu wala mayowe ya majirani. Yule mzee wiki tuliyohamia alikuja mwenyewe kujitambulisha, mi nikajua kaja kuuliza tunafanya nini pale, kumbe kaleta tikitimaji. Baadaye akaniuzia hii kwa bei ambayo hata simu ya maana hupati, akatoa Jumamosi zake kunifundisha, kidole kikae nje ya triga mpaka umeamua, fungua silinda kila ukiishika hata kama umeifungua sasa hivi. Hakudai senti. Baba mkwe wangu mwenyewe hajawahi kukaa na mimi muda ule.

Basi kwa nini nilifikiria kuibadilisha? Kwa sababu ni nzito. Karibu kilo nzima, ukiivaa kiunoni suruali inashuka na shati halifichi. Ile ya dukani ni Model 642, aluminiamu, haifiki nusu kilo, nyundo yake, kile kinachogonga risasi, imefichwa ndani kwa hiyo hainasi mfukoni ukiichomoa. Na kazini kuna mwenzetu mmoja wa Uganda anayo, akasema kama duka linanionea tubadilishane sisi kwa sisi chuma kwa chuma, hakuna kuongeza pesa. Hapo nikalala naifikiria kweli kweli.

Tukaenda naye kiwanja cha shabaha, mama watoto naye akaja. Jamani. Risasi ni ileile ya .38 lakini chuma kikiwa chepesi teke lote linakuja mkononi, na triga yake ni ndefu na nzito kwa sababu huwezi kuvuta nyundo nyuma kwanza. Risasi 5 tu, mtutu haufiki inchi 2, kosa dogo la mkono linakuwa kubwa kule kwenye karatasi. Mama watoto alipiga silinda moja akaiweka mezani, kiganja chekundu. Akachukua Model 10 yetu akapiga katikati, tena na tena, bila kukunja uso. Na maduka ndo hayo hayo yanayowaambia wanawake wachukue kile kidogo kwa sababu mikono yao midogo! Linaniudhi hili, maana atakayekuwa peke yake na watoto usiku mimi nikiwa shifti ni yeye.

Halafu nitakibeba kwenda wapi? Mimi nahudumia nyumba ya wazee, na sheria ya Texas hairuhusu kuingia na bastola hospitali wala nyumba ya wazee bila kibali cha maandishi. Kwa hiyo kibastola cha mfukoni kingeshinda kwenye gari pale parkingi, na vijana wa kuvunja vioo vya magari wanajua hivyo kuliko sisi. Kweli tangu Septemba 2021 mtu wa miaka 21 asiye na kizuizi anabeba Texas bila leseni, ila leseni mi ninayo, nimekaa darasani na kupiga zile risasi 50 za mtihani kwa yadi 3, 7 na 15, na nimefaulu kwa hiyohiyo nzito.

Na hapa nyie mnaokuja, haswa wadogo zangu wanafunzi, nisikilizeni. Usione mtu kapiga picha na bastola Dallas ukadhani ni ya kila mtu. Ukiwa na viza ya masomo au ya kutembea, sheria ya shirikisho inakukataza kumiliki au hata kuishika, kuna misamaha michache kama leseni ya kuwinda lakini usijaribu bila wakili. Mwenye green card anaruhusiwa, ila fomu 4473, ile ya serikali unayojaza dukani ukinunua silaha, itakuuliza namba yako ya uhamiaji na ukidanganya ni jela, na kosa la silaha linaweza kukurudisha kwenu hata kama una watoto wamezaliwa hapa. Na asije mtu akaitumbukiza kwenye kontena la nguo la kwenda Dar. Nyumbani mwenye bastola OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, ana faili lake, mnajua wenyewe.

Kwa hiyo nimemwambia yule ndugu wa Uganda asante, hapana. Hajakasirika, nadhani naye ile yake imemchosha mkono. Badala yake nimeagiza mpini wa mpira wa saizi ya kiganja cha mama watoto na vile vishikio vya duara vya kupakia risasi 6 kwa mkupuo, vyote havijafika dola 50, na sefu ya kufungua kwa namba iko ndani ya kabati la chumbani, juu, watoto hawafiki. Akitokea mwingine wa kubadilishana, awe mkazi wa Texas kama mimi, aje na kitambulisho, tuandikiane karatasi yenye namba za bastola zote mbili, na aje na GP100, revolva ya Ruger, ya chuma mtutu inchi 4, hapo tutaongea.