Nyumba moja ya Grande Rue, mjini Richelieu

Kama unapenda nyumba za zamani na siku moja ukafika Ufaransa upande wa kusini ya jiji la Tours, tafadhali usiupite mji wa Richelieu hivi hivi. Huu mji haukukua kidogo kidogo kama mingine, ulichorwa kwanza ndo ukajengwa. Mwaka 1631 Kadinali Richelieu, waziri mkuu wa mfalme Louis XIII, alipewa ruhusa ya kujenga mji wenye ukuta jirani na kasri lake, kazi akampa msanifu Jacques Lemercier, naye akachora mstatili wa kama mita 700 kwa 500, mitaa imenyooka, viwanja viwili vya wazi, na katikati barabara kuu, Grande Rue, yenye majumba 28 yanayofanana.

Mi nilibahatika kuingia kwenye mojawapo. Kwa mbele ni ukuta wa mawe meupe, paa lenye mteremko mkali lililoezekwa kwa vipande vyembamba vya jiwe la kijivu, na geti la mbao kubwa la kupitisha gari la farasi. Ukisimama barabarani huwezi kujua nani alikuwa na hela kuliko mwenzake, maana sura ya mbele ilikuwa ya kadinali, ukitaka kujenga pale unafuata ramani yake basi. Ila vuka geti uingie uani, aisee, huko mambo mengine kabisa! Dirisha moja limezibwa, lingine limepanuliwa, kuna chumba kimebandikwa ukutani baadaye, halafu bustani. Huko nyuma ndo nilipopapenda zaidi, unaona kabisa watu wameishi.

Yale mawe meupe yanaitwa tuffeau, ni aina ya mawe ya chokaa, ni laini mno, ukikwaruza kwa kucha unga mweupe unabaki kidoleni, na yanakunywa maji balaa. Ndo maana ukiyaunga au kuyaziba yanataka udongo wa chokaa, si saruji, unyevu upate pa kutokea. Pale uani kuna sehemu mtu aliziba kwa saruji, yenyewe bado ngumu vile vile lakini mawe yanayoizunguka yanamomonyoka, iliniuma sana kuona.

Kasri lenyewe halipo tena, karne ya 19 lilinunuliwa na mfanyabiashara akalibomoa auze mawe, imebaki bustani kubwa na majengo machache tu, na zile sanamu mbili za watumwa za Michelangelo, mchongaji wa Italia, zilizokuwa pale sasa ziko makumbusho ya Louvre, Paris. Mji nao ulipoa baada ya kadinali kufariki 1642, na mi naona hiyo ndo iliyoziokoa hizi nyumba, hakukuwa na hela za kuvunja na kujenga upya kwa hiyo watu waliendelea kukaa humo humo na kuziba ziba tu.

Sasa wewe unayewaza kununua nyumba ya hivi ukarabati, nakuomba, kabla ya kufikiria jiko na bafu tafuta kwanza fundi anayeijua chokaa, na kama kuna saruji itolewe taratibu kwa patasi, jiwe lisipasuke.