Kuaga kwa Kiingereza kazini

Kikao cha simu kimeisha, ila hakuna anayetaka kuaga kwanza. Kwa Kiingereza ndiyo kabisa, watu wanarudia "okay, okay" mpaka inachosha. Siku hizi natangulia mimi: nataja tulichokubaliana na nani atafanya nini, kisha nasema, "I'll let you get back to work." Naipenda hiyo kwa sababu inaheshimu shughuli za mwenzangu, haionekani kama namkimbia. Jana bosi wetu, ambaye akianza kuongea hamalizi (mnawajua wa hivyo), alijibu "Great, thanks" akakata simu. Sikuamini! Na zile "sorry, sorry" za kuagia nimeziacha. Ukishasema "Thanks for your time," inatosha, nenda zako.