Siku moja maishani mwangu: dereva wa lori Texas, siku baridi inaposhuka

Watu wengi nyumbani wakisikia naendesha lori Marekani wanapiga hesabu ya dola kwa maili halafu wanaishia hapo. Dola zipo, sikatai. Ila kuendesha lenyewe ndiyo sehemu rahisi ya kazi, ugumu uko kwenye kusoma anga na kujua utasimama wapi kabla hujasimamishwa. Nawaandikia siku moja ya mwezi wa kwanza muone wenyewe.

Saa kumi alfajiri, Amarillo. Naamka kitandani nyuma ya siti, lori limepaki kando ya barabara kuu ya I-40. Kabla ya chai nafungua utabiri. Leo nachukua mzigo hapa naushusha Dallas, kilomita kama 580 kwa barabara ya 287, na njia hiyo moja inapita kwenye maeneo ya ofisi nne za idara ya hali ya hewa, NWS: Amarillo, Lubbock, Norman ya kule Oklahoma, halafu Fort Worth. Nazisoma zote nne, na sisomi ile picha ya jua na wingu kwenye simu, nasoma yale maelezo marefu ambayo watabiri wanaandika wana uhakika na nini na wapi bado wanasita.

Leo hawasiti. Fronti ya baridi, yaani ukingo wa mbele wa hewa baridi inayosonga, imeshaingia Kansas, Amarillo itafika mida ya saa nne asubuhi, Childress saa saba mchana, Wichita Falls saa kumi jioni, Dallas giza likiingia. Nyuma yake nyuzi joto zinaporomoka chini ya sifuri, na kuanzia Vernon kwenda mbele kuna mvua inayoganda. Ambao hamjaishi huku mjue kwamba kutoka Kanada mpaka Texas hakuna mlima wa kuizuia hewa ya baridi, milima ya Rocky iko upande wa magharibi nayo ndiyo inaielekeza ishuke kusini, na hewa hiyo ni nzito inatambaa chini chini. Wenyeji wa Amarillo wana msemo kwamba kati yao na Ncha ya Kaskazini kuna uzio wa seng'enge tu. Tarehe 11 Novemba 1911 fronti kama hii ilipita Oklahoma City, mchana joto lilikuwa nyuzi 28 na kabla ya saa sita usiku ikawa nane chini ya sifuri, siku hiyo hiyo moja.

Saa kumi na moja nawasha saa ya kazi, ile ya kisheria inayohesabu masaa yangu. Nakagua matairi, taa, namwaga maji kwenye matenki ya upepo maana unyevu ukibaki humo unaganda na breki zinakataa, naweka dawa ya kuzuia dizeli isigande. Dizeli ina nta ndani yake, ikipoa sana ile nta inajitokeza inaziba filta na injini inazima, na dawa inawekwa kabla, ikishaganda umechelewa.

Hesabu yangu ilikuwa hivi: apointimenti ya kupakia ghalani saa kumi na mbili asubuhi, nikipakiwa ndani ya masaa mawili natoka saa mbili, naitangulia fronti njia nzima, saa nane mchana niko Dallas barabara kavu. Lori linakimbia kuliko fronti. Unachohitaji ni kuondoka mapema tu.

Sasa hapo ndipo siku ilipoharibika.

Nafika getini saa kumi na mbili kasoro, mlinzi ananipa namba, nenda kapaki subiri upigiwe simu. Nasubiri. Saa moja. Saa mbili. Saa mbili na nusu naenda dirishani, jamaa hanyanyui hata kichwa, "bado wanapanga mzigo". Naomba choo, naambiwa choo cha madereva kiko nje, cha plastiki, kile cha ndani ni cha wafanyakazi. Mimi ndiye nabeba jibini yao tani karibu ishirini na choo chao siruhusiwi, haya. Nasubiri tena. Masaa mawili ya kwanza ya kusubiri ni bure, ndivyo karibu kila mkataba ulivyo, baada ya hapo unalipwa kidogo kama ukilipwa, ila pesa siyo iliyokuwa inaniuma asubuhi ile. Saa ya kazi haisimami. Sheria inanipa masaa 14 tangu nilipoanza, ndani yake niendeshe yasiyozidi 11, na kompyuta ndani ya lori inahesabu yenyewe, haijali kwamba umekaa unatazama mlango wa ghala. Mwisho wangu ni saa moja usiku.

Saa tatu na nusu naitwa doki namba fulani, yaani mlango wa kupakilia, narudi kinyume, naingia, taa nyekundu inawaka, hakuna anayepakia, wameenda mapumziko. Saa nne na kitu nimeshuka kuangalia mlango wa trela ndipo fronti ikafika. Upepo wa kusini ukakata kabisa, kama dakika mbili hivi kukawa shwari, kisha wa kaskazini ukaja na vumbi, mkono ukashindwa kushika kitasa kile kile nilichokuwa nimekishika bila glavu muda mfupi nyuma. Kwenye dashibodi nyuzi tisa zikawa nne, zikawa moja, kabla ya saa moja kupita tukawa chini ya sifuri. Na mzigo bado uko ndani kwao.

Nimetolewa saa sita na robo mchana. Masaa sita na zaidi. Jamaa wa dirishani akanipa makaratasi akaniambia endesha salama.

Nikampigia dispacha wangu, yule anayenipangia mizigo, Mkenya, mtu mwema ila naye ana watu juu yake. "Kaka, mzigo ulale Dallas leo, mteja analia." Nikamwambia kaka, fronti imeshanitangulia, sasa naifuata kwa nyuma, nitaenda mpaka pale barabara itakaponiruhusu. Akanyamaza. Akasema tutaongea.

Miji midogo ya Claude, Clarendon, Memphis ya hapa Texas, hapo kukavu, upepo unasukuma trela kutoka kushoto na mikono inachoka kulishikilia kwenye mstari. Childress nimepita saa nane na nusu. Kitu ambacho watu hawajui, trela la friji siku kama hii linafanya kazi kinyume: nje iko kumi chini ya sifuri, jibini inatakiwa ikae nyuzi mbili juu, kwa hiyo ile mashine sasa inapasha joto mzigo usigande.

Baada ya Vernon ndipo manyunyu yakaanza. Sijui nilikuwa nimeendesha muda gani, saa sikuiangalia tena, nilikuwa naangalia vitu viwili tu. Cha kwanza mkono wa kioo cha pembeni, ule uzi wa barafu kwenye chuma chake, mwanzo mwembamba kama kucha, baadaye unene wa kidole. Cha pili matairi ya gari la mbele. Barabara ikiwa na maji matairi yanayarusha kama mvuke, unauona. Barabara bado inang'aa kama ina maji na ule mvuke umekata, ujue siyo maji tena. Juu kuna tabaka la hewa ya joto linaloleta mvua, chini hewa ya baridi ni nyembamba, tone linashuka likiwa maji na linagandia pale pale linapogusa lami, na madaraja yanatangulia maana yanapigwa baridi juu na chini. Niliendesha Dar–Tunduma kabla sijaja huku, mlima Kitonga naujua, lakini Kitonga unaona unachokiogopa. Hapa unaendesha tani 36 juu ya kitu usichokiona, hauna utingo wa kukuambia kitu, kila daraja naondoa mguu kwenye mafuta mapema, breki siigusi, usukani siuchezeshi, napumua nikishavuka.

Kabla ya Wichita Falls, mwendo wa maili 25 kwa saa, taa zote za hatari zinawaka, nikaona pikapu mbili zimelala mtaroni na ule mvuke wa matairi ulikuwa umekata muda mrefu. Nikatoka barabarani, nikapata nafasi ya kupaki kati ya wenzangu waliokwisha kuamua hivyo hivyo. Saa kumi na moja na nusu jioni.

Dispacha akapiga. Ofisi imemwambia nitumie yale masaa mawili ya nyongeza ambayo sheria inaruhusu hali ya hewa ikiwa mbaya. Nikamweleza polepole: kaka, yale masaa ni ya hali ambayo hukuijua wala hukuweza kuijua unapoanza safari, hii imetangazwa siku kadhaa, na kifungu 392.14 cha sheria kinasema hali ikiwa ya hatari kiasi hiki gari lisimame, na tangu 2016 kunilazimisha ni kosa. Nikamkumbusha tarehe 11 Februari 2021, barabara kuu ya I-35W pale Fort Worth, barafu kama hii hii, magari zaidi ya 130 yakagongana alfajiri, watu sita wakafa, na wengi walikuwa wanawahi kazini tu. Akasema, "Nimekuelewa kaka, lala. Mimi nitasema nao." Namshukuru kwa hilo, siyo wote wana dispacha wa hivyo.

Injini inabaki inanguruma usiku kucha. Nimekula ugali wa jiko la umeme na maharage ya juzi, mabega yanauma kuliko siku ninazoendesha masaa 11 kamili. Fort Worth wanaandika kesho itapanda juu ya sifuri baada ya saa saba mchana na jua litakuwepo. Nimeshamwambia dispacha asiniwekee apointimenti kabla ya saa kumi na moja jioni, na kama ghala la Dallas halitaki hiyo, wanipe ya keshokutwa.