Sauti Ishirini na Tatu

Mwaka 2023 ulianza dola moja ikiwa karibu na faranga 2,000 za Kongo, ukaisha ikiwa imevuka 2,500, na kila aliyeuza kitu Bukavu mwaka huo anakumbuka jinsi bei zilivyolazimika kuandikwa upya mara kwa mara. Ni katika mwaka huo nilipomtengenezea mama mmoja wa Nyawera, mwenye depo ya dawa, programu ya kutunza stoki na madeni. Sikuwa mwajiriwa wake. Nilikuwa, na bado ni, fundi wa programu anayefanya kazi kwa mapatano, mkazi wa Kadutu mwenye kompyuta moja. Tulielewana bei, akanipa nusu ya fedha, na kazi ikaenda vizuri hadi Jumapili moja ya mwezi wa nane.

Usiku huo simu yangu ililala kwa jirani mwenye paneli za jua, kwa sababu mtaani kwetu umeme ulikuwa umekatwa tangu asubuhi. Nilipoichukua alfajiri nilikuta nimepigiwa na yule mama mara tisa kuanzia saa tano usiku, kisha nikakuta sauti ishirini na tatu, ndefu kuliko zote ikiwa ya dakika sita, zote zimetumwa katika kundi la WhatsApp la depo, ambamo walikuwamo wanawe, makarani wote, na mdogo wangu wa kike niliyemwombea kazi pale miezi mitatu kabla. Nilizisikiliza zote. Niliitwa mvivu, kisha mtoto asiye na adabu kwa kutopokea simu, na katika ile ya kumi na nne nikaitwa mwizi. Mdogo wangu alikuwa amelisikia neno hilo kabla yangu. Alinipigia kuuliza kama bado aende kazini.

Katika sauti zote hizo hapakuwa na hata moja iliyotaja namba ya ankara, ambayo sisi huiita fakitire, wala jina la dawa, wala saa, wala tarakimu iliyoonekana kwenye kioo. Nilijua kwamba Mama amekasirika sana. Sikujua programu imefanya nini. Fundi aliye mbali na mashine hana macho isipokuwa maneno ya yule aliyeketi mbele yake. Niliandika jibu mara nne, nikalifuta mara nne, kisha nikashuka kwa miguu hadi Nyawera.

Mama alinipokea akiwa amesimama, wateja wakisikia, na huenda mambo yangeharibika papo hapo kama mzee mhasibu wa depo asingenishika mkono na kuniingiza chumba cha nyuma. Mzee yule hakuwahi kuiamini sana kompyuta, kwa hiyo alikuwa ameendelea na rejista yake ya karatasi, na humo alikuwa ameandika: Jumamosi, saa nane mchana, karani ameingiza kiwango kipya cha dola, faranga 2,400 badala ya 2,300, deni la duka moja la dawa la Uvira, lililotiwa saini kwa faranga 460,000, sasa linaonekana 480,000, mteja amekataa kulipa. Niliisoma mistari ile nikaelewa kila kitu. Programu ilikuwa ikihifadhi deni kwa dola na kulizidisha upya kwa kiwango cha siku, ilhali ilipaswa kushika kiwango cha siku ya mapatano. Dola zilibaki 200 zile zile, faranga zikaongezeka. Kabla ya saa sita mchana deni lilikuwa limerudi 460,000.

Kosa lilikuwa langu pia. Mwezi mmoja kabla, Mama alinipigia nikiwa juu ya pikipiki, akasema anataka kitu kidogo tu, madeni yaonekane kwa faranga, nami nikajibu "sawa, Mama" bila kumuuliza ni faranga za kiwango cha siku gani. Kidogo kile kiligusa hesabu ya kila deni la zamani, na hakuna kati yetu aliyekiandika popote.

Tulipoketi wawili nilimwambia, "Mama, kosa nimelikubali. Lakini mdogo wangu amesikia naitwa mwizi." Alikaa kimya, kisha akanieleza kwamba yule mteja wa Uvira alikuwa amemwita yeye mwizi kwanza, mbele ya watu, na neno hilo lilimkaa kooni hadi usiku. Nilimwomba, siku nyingine, aniandikie. Akasema kwamba aliishia darasa la tano, kuandika kunamchosha, na sauti ndiyo kalamu yake. Hapo niliona kwamba nilikuwa nimeanza kuzichukia sauti zenyewe, jambo ambalo halikuwa haki. Tukapatana aendelee kusema, lakini kwa mpangilio wa rejista ya mzee: namba, saa, kilichopaswa kuwapo, kinachoonekana, tena aniambie mimi peke yangu. Kama depo haiwezi kuuza, anipigie hata usiku wa manane. Mengine yangoje asubuhi, na kila jambo jipya, hata liwe dogo namna gani, tulizungumzie bei kabla sijaligusa.

Jioni ile alirudi katika kundi lile lile, mbele ya watu wale wale, akasema kwamba neno alilonitupia analiondoa. Mdogo wangu alinitumia sauti hiyo, ingawa nilikuwa nimeshaisikia.

Siku kumi baadaye ilifika nyingine, ya sekunde ishirini, kwangu peke yangu, tukiwa ndiyo tumeweka mezani bugali na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. "Hodi, mwanangu. Fakitire namba 212, saa tisa mchana. Zilipaswa kuwa katoni sita, naona tisa. Depo inauza, hakuna haraka. Kula kwanza."

Nilikula.